Nyonyo nusu kichwa: miezi minne nimepaka kushoto tu, kulia kumebaki nyuma. Nani ananielewesha?

#1 Fundi wa Mabatini
Wakuu habari za jioni. Naombeni msinicheke mpaka mmalize kusoma.

Mwezi wa pili jirani yangu aliniuzia mafuta ya nyonyo, kachupa ka maji ka nusu lita, meusi mazito kama oili chafu, akaniapia miezi mitatu haiishi nitarudi kumshukuru. Mi ni fundi cherehani, mambo ya kuambiwa tu siyawezi, kitambaa nakipima mwenyewe hata kama mteja kaapa ni mita tatu. Basi nikaamua kupaka nusu ya kichwa. Kushoto napaka Jumatano na Jumapili usiku, kulia maji tu. Kuosha naosha pamoja, shampuu moja, kusuka kwa mtu mmoja. Kabla sijaanza nilivuta unywele wa juu ya sikio kila upande nikapima na futi ya kazini, sm 12 huku, sm 12 huku.

Jana nimefumua nimepima tena. Kushoto 15. Kulia 13 na nusu. Nimerudia mara tatu, mume wangu kashika tochi ya simu huku anaguna.

Sasa je nyonyo kweli inakuza? Na kama inakuza mbona panja la kushoto, ambalo ndo lilinifanya nianze haya yote, bado jeupe halina nywele vile vile? Alafu nifanyeje na kichwa hiki maana nikikiachia ni kama banda lililoezuliwa bati upande mmoja na upepo wa ziwani.

#2 Sangara Mbichi
Wa kwanza leo. Fundi umetisha, wenzio wanatafuta maabara we una futi na tochi. Picha iko wapi?

#3 Mama Kulwa na Doto
Nyonyo inakuza, hapa hakuna mjadala. Mi baada ya kujifungua mapacha wangu nywele zilitoka kwa mafungu, nikichana asubuhi chanuo linajaa nikawa naogopa hata kujiangalia kwenye kioo, mama mkwe akaniletea nyonyo kutoka Magu nikapaka kila usiku, mwezi wa nane hivi mtoto wa jirani ananiuliza mama hizo ni wigi? Kila anayeniuliza namwambia nyonyo. Hao wanaosema ni imani waje wanione.

#4 Famasia ya Usiku
Fundi asante kwa vipimo, watu wengi wanakuja hapa na "naona kama zimeongezeka". Ila tukae na hizo namba zako kidogo.

Nywele za kichwani kwa wastani zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, na nywele za kipilipili kama zetu zinakwenda taratibu kidogo, karibu milimita nane. Zidisha mara minne unapata sm 3 na kitu. Wewe kushoto umepata 3. Yaani upande wenye nyonyo umekua kawaida kabisa kama nywele ya mtu yeyote asiyepaka chochote! Upande wa ajabu ni wa kulia, umepata moja na nusu. Hapo mi nasema hazikukataa kukua, zimekua alafu zikakatika huko mwishoni. Swali lako umeliuliza kwa upande usio wake.

Mama Kulwa hongera kwa mapacha. Ila nywele kutoka kwa mafungu miezi miwili mpaka minne baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, homoni zikishuka nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa pamoja alafu zinadondoka kwa pamoja, na kwa wengi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka hata ukipaka maji ya chumvi.

#5 Mama Kulwa na Doto
We Famasia ulizinyonyesha wewe hizo nywele? Ngoja uzae ndo uje.

#6 Famasia ya Usiku
😂😂 Nimekubali yaishe shangazi. Mi ni mwanaume.

#7 Ngosha wa Igoma
Mwangaluka humu ndani. Sijaelewa ubishi. Kama kulia zimekatika na kushoto hazijakatika si ndo mafuta yamefanya kazi hayo? Mkulima akikuuzia uzio, hajakukuzia mahindi, kazuia ng'ombe, ila mwisho wa msimu gunia zinaongezeka. Mi naona jirani alipwe heshima yake.

#8 Famasia ya Usiku
Ngosha hapo nakupa. Tofauti ni kwamba uzio wowote ungefanya hivo. Alizeti ingeweza, nazi ingeweza. Jirani kauza "kukuza".

#9 Dada Msusi Kirumba
Naomba kumuuliza fundi swali moja kabla hamjaenda mbali. Msusi wako anaanzia upande gani?

Mi nimesuka mwaka wa kumi na moja sasa. Asubuhi mkono una nguvu, ule upande wa kwanza unavutwa mpaka macho ya mteja yanakaa kama ya Mchina, ukifika upande wa pili umechoka, stori zimekolea, unalegeza. Ukitaka kujua angalia vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi siku ya pili, upande vilipo vingi ndo upande ulioanziwa. Na hilo panja lako usilipake kitu kwanza, nambie unasuka nini. Kama ni twende kilioni za kubana na rasta ndefu mpaka kiunoni basi nyonyo inaonewa bure. Kipara cha panjani tunakiweka sisi kwa mikono yetu alafu mnakwenda kununua mafuta.

#10 Fundi wa Mabatini
Dada Msusi umenipata. Anaanzia kulia siku zote maana kiti chake kiko kwenye kona, kushoto kuna ukuta. Na kweli ni rasta, na siku ya kwanza huwa nameza panado mbili ndo nalala. Nilijua ni kawaida.

#11 Sangara Mbichi
Kesi imefungwa. Msusi kakamatwa na ushahidi.

#12 Kahawa Chungu
Haijafungwa. Fundi unalalia ubavu gani? Foronya ya pamba inanyonya mafuta na inakwaruza nywele usiku kucha, mimi nilikuwa na kisogo kifupi miaka yote nikafikiri ni ukoo, nilipoanza kufunga kitambaa cha satini tu nikalala nacho kisogo kikafuatana na wenzake. Sikupaka hata tone.

#13 Fundi wa Mabatini
Nalalia kulia. Mtoto yuko upande huo, ana miezi minane bado ananyonya usiku.

#14 Famasia ya Usiku
FUNDI. Una mtoto wa miezi minane na hukusema?? Ulianza mafuta akiwa na miezi minne, yaani kipindi kile kile nilichokisema #4.

#15 Mama Kulwa na Doto
Enhee. Sasa huyo Famasia anatafuta kushinda tu. Nywele za uzazi zinatoka kichwa kizima, hazichagui kulia na kushoto. Hapo umeingia shimoni mwenyewe mwanangu.

#16 Famasia ya Usiku
Hapo shangazi uko sawa. Haielezi tofauti ya pande mbili. Inaeleza panja tu, tena kwa sehemu.

#17 Kahawa Chungu
Na huyo mtoto anavuta nywele? Wa kwangu alikuwa ananing'inia kama yuko kwenye daladala ya Buhongwa.

#18 Fundi wa Mabatini
Anavuta sana ila ananivuta kushoto, maana nambeba mkono wa kushoto nikishona. Sasa si ilibidi kushoto ndo kuwe kufupi? Mnanichanganya jamani.

#19 Binti Sengerema
Hapo ndo nyonyo ilipojibu, imevutwa na bado imeshinda 😂

Ngoja niwape ya bibi yangu maana naona watu mnanunua chupa hamjui kilichomo. Bibi alikuwa anatengeneza mwenyewe pale nyumbani, minyonyo ilikuwa imejiotea nyuma ya zizi. Anakaanga mbegu kwenye chungu taratibu mpaka zianze kupasuka, anapepeta maganda, anatwanga kwenye kinu mpaka inakuwa kitu cheusi kinanata kama karanga za kusaga, ule mchi ukiunyanyua unakuja na kinu chake. Anamimina kwenye maji yanayochemka, moto wa kuni, sisi watoto tunafukuzwa. Inachemka weeee mpaka mafuta yanapanda juu, anaengua na upawa kidogo kidogo anaweka kwenye sufuria nyingine, hayo anayarudisha motoni tena na hapo ndo palikuwa na utaalamu wake, alikuwa hayaangalii, anayasikiliza. Anasema "bado yanalia". Yakilia yana maji, ukiweka chupani yatachacha. Yakinyamaza anaepua. Debe la mbegu likimpa chupa mbili za soda anafurahi.

Makapi alikuwa anayafukia shimoni, hata kuku hawapewi. Kwa hiyo anayewauzia kachupa ka nusu lita kwa bei ya soda jiulizeni anakatoa wapi.

#20 Famasia ya Usiku
Bibi wa #19 alikuwa anajua. Mbegu ya mnyonyo ina sumu kali inaitwa risini, haiingii kwenye mafuta, inabaki kwenye makapi. Kuchemsha kule kunaiharibu pia. Wenye watoto wadogo msiache mbegu zikizagaa, zina madoadoa mazuri mtoto anaona kama shanga. Na weusi wa mafuta ni ule moto wa kukaanga tu, sio kwamba meusi yana nguvu zaidi. Yakikamuliwa bila moto yanatoka ya njano hafifu.

#21 Mzee wa Kamanga
Vijana mnasema nyonyo, sisi tulisema mbono. Mafuta ya mbono. Hata waganga wanayajua.

#22 Binti Sengerema
Shikamoo mzee. Mbono si ule wa kwenye uzio na makaburi? Ule ni mti mwingine kabisa, mbono kaburi, matunda yake ya mviringo. Bibi alisema ule usiguse.

#23 Mzee wa Kamanga
Marahaba. Mbono ni huu wenye majani kama kiganja na miiba kwenye tunda. Huo wa uzio ndio mbono kaburi, ndiyo maana ukaongezewa kaburi. Mmeazima jina mmelipeleka kwa mwingine.

#24 Kahawa Chungu
Kwetu Bukoba ukisema mbono watu wanakuletea ule wa uzio. Wa miiba ni mbarika. Kwa hiyo ukienda sokoni usitaje jina, nyoosha kidole.

#25 Duka la Urembo Mza
Habari wapendwa, mafuta OG ya kukuza nywele yenye mchanganyiko wa mimea 21 yapo, wiki mbili tu matokeo, kipara kinafunga, ndevu zinaota, njoo inbox.

#26 Sangara Mbichi
Wiki mbili milimita nne, Famasia kashatupigia hesabu bure. Mimea 21 hata bustani ya Wachina haina. Modi ondoa hii.

#27 Kipara wa Nyakato
Mi naomba nirudishe swali kwa sisi wanaume tunaoanza kuachia uwanja. Nina 34, utosi unaonekana kwenye picha za harusi za watu. Kuna jamaa kaniambia mafuta ya rozimari ni sawa na ile dawa ya duka la dawa. Kweli?

#28 Ngosha wa Igoma
Mkuu we weka wembe uje upande wetu, huku hakuna gharama za chanuo.

#29 Famasia ya Usiku
Kipara hiyo habari ina mzizi ila imeongezwa chumvi. Ile dawa, minoksidili, mwanzo ilikuwa kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele pasipotakiwa ndo ikatengenezwa ya kupaka, Marekani wakaipitisha mwaka 1988. Sasa mwaka 2015 kuna utafiti ulitoka Iran, wanaume 100 wenye upara wa kurithi, nusu wakapaka rozimari nusu wakapaka minoksidili ya asilimia 2. Miezi mitatu hakuna aliyeona kitu. Miezi sita pande zote nywele zikaongezeka na hazikupishana kwa maana.

Watu wakasoma mstari wa mwisho tu. Hiyo asilimia 2 ndo ile hafifu, ya wanaume huwa 5. Na hapakuwa na kundi ambalo halikupaka chochote, kwa hiyo hata hatujui kusugua tu kungefanya nini.

#30 Dada Msusi Kirumba
Hapo kwenye kusugua ndo pangu. Wateja wangu wanaopaka mafuta vizuri ni wale wanaokaa dakika kumi wanasugua na ncha za vidole, sio kucha. Damu inapita. Mafuta ni kisingizio tu cha kushika kichwa chako mwenyewe kwa upole. Fundi ulikuwa unasugua kulia?

#31 Fundi wa Mabatini
Hapana. Kulia nilikuwa nanyunyiza maji basi. Kushoto nasugua mpaka mtoto analala maana anapenda ule mlio.

Kwa hiyo saiv tuna msusi, foronya, uzazi, kusugua na nyonyo. Jirani ananiuliza kila siku imekuaje, namwambia kesi bado inasikilizwa.

#32 Kipara wa Nyakato
Asante Famasia. Hiyo rozimari inapakwa vipi? Maana mi nilinunua kachupa kadogo nikamimina kiganjani nikapaka nikahisi kichwa kinawaka moto nikaingia bafuni saa sita usiku, mke akajua nimepatwa na kitu.

#33 Famasia ya Usiku
Yale sio mafuta ya kupaka hivo, ni roho ya mmea, kali mno. Matone mawili au matatu kwenye kijiko cha chai cha nazi au alizeti. Jaribu kwanza nyuma ya sikio usubiri siku moja. Wanaochemsha majani na kujimiminia yale maji wanapata kitu kingine tena, hafifu zaidi, hakiwezi kulinganishwa na huo utafiti.

#34 Tanga Raha
Mmeongea mafuta yote mmesahau mfalme. Mi mtu wa Tanga nimeolewa huku Nyegezi, nazi ndo mafuta ya nywele, mengine ni kelele. Ila nina lalamiko, mafuta ya nazi ya Mwanza ni feki! Nikiamka asubuhi yameganda meupe kama mafuta ya ng'ombe, Tanga hayagandi hivi.

#35 Famasia ya Usiku
Dada hayo ndo yenyewe! Nazi inaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Usiku wa Mwanza unashuka mpaka 17, 18, Tanga joto halikuachi ulale. Ukiona mafuta ya nazi hayagandi kabisa asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu ndo ujiulize yamechanganywa na nini.

Na kwenye nazi niko na wewe kuliko nyonyo. Mafuta mengi yanakaa juu ya unywele, nazi chembe zake ni ndogo zimenyooka zinaingia mpaka ndani, imepimwa, nywele iliyopakwa nazi kabla ya kuoshwa haipotezi protini nyingi kama isiyopakwa. KABLA ya kuosha, usiku wake. Watu wanapaka baada.

#36 Tanga Raha
Yaani nimemwaga chupa mbili nikigombana na muuzaji wa watu pale Makoroboi 😭

#37 Mama wa Nansio
Samahani naingilia. Mwanangu wa kiume miaka mitano ana duara kichwani limetoka nywele, kama sarafu, lina unga unga na linamuwasha. Nimempaka nazi wiki tatu linaongezeka, sasa yako mawili. Nyonyo itafaa?

#38 Famasia ya Usiku
Mama hayo yanaonekana ni mapunye, fangasi. Usipake mafuta yoyote, wala usiishie kwenye tyubu ya kupaka, fangasi wamekaa ndani kwenye shina la nywele, anahitaji dawa ya kunywa wiki kadhaa kwa kipimo cha uzito wake. Mpeleke hospitali wamuone. Na chanuo, kofia, mashine ya kinyozi asichangie na wenzake, waangalie na wadogo zake.

#39 Dada Msusi Kirumba
Na wenye mba pia, mnakuja saluni kichwa kinateleza mafuta mnasema "dada ngozi kavu". Sio kavu. Yule fangasi wa mba anakula mafuta hayo hayo. Unamlisha alafu unashangaa haondoki.

#40 Mama wa Nansio
Asanteni sana. Meli ya kesho tutapanda.

#41 Sangara Mbichi
Mungu amsaidie kijana. Turudi. Mbona hakuna aliyetaja mafuta ya sangara? Bibi zetu wa ziwani nywele zilikuwa mpaka mabegani na walikuwa wanapaka mafuta ya sangara.

#42 Mzee wa Kamanga
Bibi yako huyo alizaliwa lini? Sangara ameletwa katika ziwa hili miaka ya 50 na kitu, kuja kujaa ni miaka ya 80. Mimi nimemuona mara ya kwanza ni kijana tayari, watu walimuogopa kwa mafuta yake, ukimkaanga sufuria inajaa. Mafuta yake tuliwashia koroboi. Bibi zetu walipaka samli.

#43 Sangara Mbichi
Basi ya sato mzee wangu.

#44 Mzee wa Kamanga
Na sato huyu unayemla naye ni mgeni, waliingia karibu pamoja. Mwenyeji ni ngege. Na ngege hana mafuta ya kumtosha hata yeye.

#45 Ngosha wa Igoma
Kaka jina lako lenyewe sio la kwenu 😂😂😂

#46 Kahawa Chungu
Samli nakumbuka. Shangazi yangu alikuwa anapaka, jua likipanda nzi wanamsindikiza mpaka kisimani. Nywele zilikuwa nzuri kwa kweli. Ila hakuwahi kuweka dawa, hakuwahi kupiga draya, hakujua rasta ni nini, alisukwa mabutu kwa uzi na dada yake chini ya mwembe. Sasa hapo samli ndo ilikuza au ni yale ambayo hakufanya?

#47 Mama Kulwa na Doto
Na alikula nini. Dagaa, mboga za majani, maziwa. Sisi chipsi na soda alafu tunataka mafuta yafanye kazi ya sahani. Mi pia kwenye kliniki niliambiwa damu iko chini nikapewa vidonge vya wekundu wa damu miezi mitatu, wakati ule ule wa nyonyo.

#48 Famasia ya Usiku
SHANGAZI. #3 ulisema kila anayekuuliza unamwambia nyonyo.

#49 Mama Kulwa na Doto
Si ndo nawaambia. Sijasema sikunywa vidonge, hakuna aliyeniuliza vidonge.

#50 Kipara wa Nyakato
Uzi huu nimecheka mpaka abiria wenzangu kwenye hiace wananiangalia, na wao wanaangalia utosi.

#51 Binti Sengerema
Jambo moja tu kwa fundi, nyonyo usiipake peke yake nzito hivo kwenye nywele ndefu alafu ukaosha kwa kusugua fujo. Inanata. Dada yangu alijifunga fundo moja nyuma kama kiota cha ndege, ilibidi tukate. Changanya na mafuta mepesi, nusu kwa nusu au nyonyo iwe kidogo.

#52 Famasia ya Usiku
Kweli, kuna dada India ilimpata hivo hivo, kichwa kizima kikawa bonge kama la sufi, madaktari wakaandika kabisa. Kwake yalikuwa nyonyo na nazi pamoja, kwa hiyo hata kuchanganya sio kinga sana.

#53 Dada Msusi Kirumba
Fundi mi naona ufanye hivi. Badilisha. Miezi minne paka kulia, kushoto uache. Msusi abebe kiti atoke kwenye kona aanzie kushoto. Na rasta uache, suka mabutu, panja lipumzike. Kama bado nywele hazijafa kabisa pale zitarudi zenyewe, ila ukisubiri miaka ngozi inakuwa laini inang'aa kama goti, hapo hata mkija na mafuta ya Farao haioti kitu.

#54 Famasia ya Usiku
Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichofanya kazi ni kipi. Badilisha kimoja kimoja.

#55 Dada Msusi Kirumba
Kaka yeye anataka nywele, wewe unataka jibu.

#56 Ngosha wa Igoma
Hiyo #55 ichapwe kwenye kanga.

#57 Fundi wa Mabatini
Nimesoma yote, asanteni. Nimefanya nusu nusu kama kawaida yangu. Rasta nimeacha. Foronya nimeshona ya satini kutoka kwenye mabaki ya gauni la bi harusi mmoja, nimeshona mbili na mume anaipenda kuliko mimi. Mafuta nimehamishia kulia tangu Jumapili na kusugua nimehamishia kulia. Ubavu wa kulala ndo siwezi kubadilisha, mwenye ubavu ni mtoto.

Tatizo ni jana usiku nimejisahau nikapaka kushoto, mkono umeshazoea. Kwa hiyo sijui Jumapili hii nihesabu kama wiki ya kwanza au vipi.

#58 Famasia ya Usiku
Anza upya Jumapili. Na pima leo kabla hujasahau.

#59 Fundi wa Mabatini
Futi ameondoka nayo mteja kwa bahati mbaya ndani ya kitambaa chake, atairudisha Alhamisi akija kujaribisha.

#60 Kahawa Chungu
Binti Sengerema, mbegu za mnyonyo wa bibi bado zipo? Nipo Pasiansi, nitafuata hata Jumamosi, saiv daraja lipo.

#61 Binti Sengerema
Mti bado upo, mbegu zipo, bure. Ila kinu uje nacho.